Jinsi Sauti ya Tatu Ilivyobaki Chiwanda

Tangu nirudi Morogoro sina amani. Nikienda sokoni naulizwa, nikitoka misa ya kwanza naulizwa, na jana fundi cherehani alishika kitenge changu mkononi, akakataa kukikata mpaka nimjibu. "Mwalimu Felista, mlikwenda watu wawili na kinanda. Mbona amerudi mtu mmoja na kinanda?"

Basi nimeona niandike, msome wote kwa pamoja, halafu mniache nishonewe nguo yangu. Kwanza niwatoe wasiwasi. Shemeji yangu Ansgar ni mzima, ananenepa, na yuko Chiwanda kando ya Ziwa Nyasa kwa hiari yake mwenyewe. Hajatekwa na mtu. Ingawa, mkisoma mpaka mwisho, mtaona kwamba kidogo ametekwa.

Kwa wasiomfahamu: Ansgar ni mume wa dada yangu Benadeta. Ni Mmatengo, mzaliwa wa upande wa Namswea. Mapadre walimsikia akiimba akiwa kijana mdogo, wakamsomesha, na mwisho akafika Ujerumani, ambako aliimba miaka mingi kwenye kumbi kubwa, amevaa koti jeusi lenye mkia nyuma. Yeye ni teno, sauti ya juu ya wanaume, ile ambayo sisi wanakwaya tunaiita sauti ya tatu. Aliporudi nchini na mvi zake aliendelea kuimba kwenye hoteli na hafla za wakubwa, mimi nikimpigia kinanda. Tulikuwa tunapata mialiko mizuri na chakula kizuri zaidi.

Halafu mwaka juzi, Dar es Salaam, noti ya juu kabisa ya wimbo wake wa mwisho ilimkatikia kooni kama uzi. Watu walipiga makofi, lakini yalikuwa makofi ya kumpa pole, na yeye ana sikio la kutofautisha makofi. Tangu siku hiyo aliimba kanisani tu, benchi la nyuma, kwa nusu sauti, kama mtu anayemwogopa jirani. Kwa hiyo paroko mmoja wa Mbinga alipompigia simu kumwalika akaimbe kwao, kisha ateremke na tamasha mpaka ziwani, sote tulishangaa alipojibu ndiyo papo hapo.

Dada alinivuta jikoni. "Felista, nenda naye. Na unirudishie mtu anayeimba. Ukiniletea bubu, mtakaa wote kwako."

Songea hadi Mbinga

Safari ya Morogoro mpaka Songea nairuka, maana nililala na yeye alilala, na aliyekuwa macho ni dereva tu, tunamshukuru.

Asubuhi pale Songea, tukiwa tunakunywa chai na maandazi karibu na stendi, Ansgar aliweka kikombe chini. "Shemeji, nikikatika tena huko tuendako, basi. Naacha kabisa. Na usinibembeleze." Nikasema sawa. Lakini kichwani nilikuwa namwona dada yangu amesimama mlangoni na mwiko.

Kwenye basi la Mbinga kinanda kilileta shida. Kimo ndani ya mfuko mweusi mrefu, na Ansgar alikataa kipandishwe juu au kiwekwe kwenye buti. Kikalazwa juu ya mapaja yetu na ya abiria wawili wa upande wa pili, hivyo kila aliyetaka kupita alilazimika kuinama kama anayeingia kibandani. Mzee mmoja aliinama, akagonga mfuko kwa kidole, akauliza kwa heshima zote, "Marehemu ni wa kwenu?" Nikamwambia ni kinanda. Akasema, "Haya, poleni hivyo hivyo," akaenda kukaa.

Njiani pancha ikatushusha. Wakati gurudumu linabadilishwa akaja mama mmoja anauza mahindi ya kuchoma, na Ansgar, ambaye tangu Songea alikuwa ananiambia jinsi atakavyoongea lugha ya kwao mpaka nishangae, alijitokeza mbele na kumwamkia kwa Kimatengo. Sentensi ndefu, ya kupanda na kushuka. Mama yule alisikiliza yote kwa makini. Kisha akamuuliza kwa Kiswahili cha taratibu, kile tunachotumia kwa wageni, "Baba unatokea Malawi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini majanini. Ansgar alinunua mahindi, akala bila kunitazama, lakini milima ya kwao ilipoanza kuonekana, na zile ngoro, mashamba yao ya vishimo, zimejipanga miteremkoni, alisahau kununa. Alibandika uso kwenye kioo. "Lile lilikuwa shamba la shangazi," akasema. Baada ya kona akasema tena, "Hapana, ni lile." Mpaka tunaingia Mbinga shangazi yake alikuwa anamiliki nusu ya wilaya.

Mbinga: tunangoja wenzenu

Mbinga ilikuwa baridi, na kahawa zilikuwa zimeanikwa kila uwanja. Paroko alitupokea kwa furaha, akatuambia tangazo limesomwa kwenye misa zote: Jumapili mchana, ukumbi wa parokia, tamasha la Sauti ya Tatu kutoka Ulaya.

Jioni akaja mwalimu wa kwaya, anaitwa Oswini, kijana nadhifu wa shati la kufunga mpaka shingoni. "Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama. Karibuni sana Mbinga. Wenzenu wako nyuma?"

"Wenzetu gani?" akauliza Ansgar.

"Sauti ya kwanza, ya pili na ya nne."

"Hakuna. Niko peke yangu."

Oswini alitafuta namna ya kusema bila kukosa adabu. "Sasa Mzee, wimbo utakamilikaje?"

Ansgar alimweleza kwamba huko Ulaya mtu mmoja huweza kusimama peke yake na kinanda, akaimba tamasha zima, na watu wakalipa. Oswini aliitikia ndiyo, ndiyo, lakini nilimwona usoni. Alikuwa anatuonea huruma, kama watu walioachwa na wenzao njiani wakaona aibu kusema.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Nyuma walisimama, madirishani walining'inia. Ansgar alitoka na koti lake la mkia, akijigusa koo kila hatua, na mimi nilipomwona hivyo nikafanya jambo ambalo sikuwa nimemwambia. Kinanda changu kina kitufe cha kushusha wimbo mzima. Nilikibonyeza. Nikashusha nyimbo zake zote hatua moja, ili ile noti ya Dar isiwe juu sana.

Akaimba. Jamani, aliimba vizuri. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Kijerumani, bwana mmoja anatembea kando ya mto na huzuni zake. Alipomaliza, watu walimtazama tu. Hakuna kofi hata moja. Tukasubiri. Mama mmoja wa mbele, mwenye kilemba cha njano, aligeuka akawatazama wenzake, kisha akasema kwa sauti ya kutia moyo, "Sauti ya tatu tumeisikia. Imekaa vizuri. Sasa tusikie ya kwanza."

Ndipo nilipoelewa. Kwao, mtu mmoja akiimba sauti ya tatu peke yake mbele ya watu, maana yake anaipitisha sauti yake, kama mazoezini, ili wengine waijue kabla ya kuunganisha. Watu wote wale, na mavazi yao ya Jumapili, walikuwa wanangoja kuunganisha. Wimbo wa pili ukaisha, wakangoja. Wa tatu, wakangoja. Wa nne, nikasikia mtu nyuma anavumisha besi polepole, akijaribu kusaidia, na mwenzake anamnyamazisha, "Subiri, bado hajasema."

Mwisho wakapiga makofi kwa adabu, wakatupa togwa na ndizi, na kila mmoja akamletea Ansgar dawa ya koo: tangawizi ya kutafuna, asali, mayai mabichi. Mwanaume mmoja alikuja na limau na chumvi akasisitiza limezwe mbele yake. Hakuna aliyesema umeimba vibaya. Walisema, "Pole kwa safari."

Asubuhi, mezani, Ansgar alikuwa anachovya mkate kwenye kahawa bila kuula. "Ulinishusha," akasema.

Nikajifanya sijasikia.

"Shemeji. Ulinishusha hatua moja. Nimeimba miaka yote hii, unadhani sijui nilipo?"

"Niliogopa."

"Mimi ndiye mwenye koo. Kama kuna wa kuogopa ni mimi." Akasukuma kikombe. "Hukuniamini. Hao walioningojea wenzangu angalau waliniamini kwamba ninao."

Maneno yale yaliniuma, maana yalikuwa kweli. Tulipanda gari la kwenda ziwani hatusemezani.

Kuteremka, au tuseme kukaa Tingi

Gari lenyewe lilikuwa kosta iliyokodiwa na kwaya ya akina mama wa Anglikana wa Chiwanda. Walikuwa wamekuja harusini Mbinga, wanarudi kwao, na paroko alituombea nafasi mbili. Kiongozi wao anaitwa Mama Tekla, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye hata kusema "sogea kidogo" alikusema kwa wimbo.

Tulikuwa tumeanza kuteremka, upande wa Tingi, tukakuta lori la mahindi limekaa mshazari kwenye kona. Nyuma limegusa mlima, mbele limegusa bonde, na dereva wake anazunguka na kofia mkononi. Hakuna aliyeumia. Lakini hakuna wa kupita pia, hata pikipiki zilisita. Tukateremka wote.

Nimekaa kwenye foleni nyingi maishani, ile ilikuwa ya raha kuliko zote. Ndani ya muda mfupi kulikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha vinauzwa, na karanga, na mtu ametokea sijui wapi na ndoo ya togwa. Akina mama walitandika vitenge kwenye nyasi juu ya barabara, wakakaa, na bila mtu kusema tuimbe, wakaimba.

Mabwana zao hawakuwepo. "Wako ziwani wanavua," aliniambia Mama Tekla baadaye, "kwa hiyo sauti za wanaume tunaziimba wenyewe." Sauti ya nne ilikuwa na mama mmoja mnene mwenye kifua kama pipa. Sauti ya tatu ilikuwa na Mama Agnesi, peke yake, ana mafua.

Ansgar alikaa mbali kidogo, mgongo ametugeuzia, anamenya kiazi. Nilimwona bega la kulia linaanza kutikisika. Halafu kichwa. Mama Tekla naye alimwona, akakatiza wimbo.

"Baba, samahani, wewe ni sauti gani?"

"Tatu," akasema Ansgar na kiazi mdomoni.

"Sasa umekaa huko na nani? Njoo umsaidie Mama Agnesi, hujamsikia anavyokohoa?"

Na mtu aliyeimba mbele ya mawaziri wa Ulaya akajifuta mikono kwenye suruali, akaenda akakaa kwenye kitenge, ubavuni mwa Mama Agnesi. Wimbo ulikuwa wao wenyewe, wa kushukuru kwa mavuno ya samaki, na alidaka mstari wa kwanza, wa pili akaongoza. Alivyofungulia koo, ndege waliruka kwenye miti. Mama Tekla akanyoosha kiganja.

"Baba, punguza. Hatumsikii Mama Agnesi."

Nikatazama chini nisije nikacheka. Maisha yake yote watu wamelipa kumsikia akiongeza. Lakini alipunguza! Alitii kama mwanafunzi. Wakaimba tena, na tena, akina mama wakipandisha kila mara kidogo, kama kwaya zisizo na kinanda zinavyojipandisha zenyewe bila kujua, mpaka wote walikuwa wamefika juu huko, mishipa imesimama, Ansgar anatabasamu macho yamefumba, na wale madereva wa nyuma wanapiga honi kwa mapigo.

Mimi nina ugonjwa wangu wa kupima noti. Nilifungua mfuko, nikawasha kinanda kwa betri, nikabonyeza taratibu nikitafuta alipofikia. Nilibonyeza mara mbili kuhakikisha. Ilikuwa noti ileile ya Dar. Alikuwa ameigusa, ameikalia, ameiacha, ameirudia, wala hakujua.

Lori liliondolewa na wanaume wengi na kamba. Tulipokuwa tunapita, dereva wake alitupungia kofia na kuomba samahani. Mama Tekla akamjibu kupitia dirishani, "Asante mwanangu, siku nyingine tena!"

Mbamba Bay: kosa langu la pili

Ziwa lilitokea ghafla chini yetu, la buluu, na upepo wa mwera umelijaza mawimbi meupe. Kosta ilikuwa na shida ya breki, dereva akasema haendi Chiwanda leo. Akina mama walipata namna yao, sisi tukalala Mbamba Bay.

Kesho yake mchana tuliletewa mbasa mzima, wa kuchoma, na ugali wa muhogo. Nilikuwa na furaha kupita kiasi. Tulikuwa tumeanza kusemezana tena, samaki alikuwa mtamu, mafuta yanachuruzika mpaka kiwikoni, na siri ilikuwa inaniwasha ulimini. Nikamwambia.

"Shemeji, unajua jana kule kwenye lori ulifika wapi? Nilipima. Ni ileile ya Dar."

Aliacha kutafuna. "Huniongopei?"

"Nilibonyeza mara mbili."

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini kufikia jioni alikuwa amening'iniza koti la mkia dirishani liondoke mikunjo, ameomba pasi, anatembea kibarazani kifua mbele. Chiwanda ataimba ule wimbo, akasema. Ule wa Dar. Peke yake, na hahitaji sauti nyingine. Na mimi nisithubutu kugusa kile kitufe.

Mwenye nyumba ya wageni alimsikia akipasha koo, akamletea mayai mabichi.

Chiwanda

Tulifika juu ya pikipiki mbili, kinanda kimefungwa kwa mipira nyuma ya mgongo wangu, na watu wa njiani wakinipisha kwa heshima ambayo sikuielewa mpaka nilipokumbuka jinsi mfuko ule unavyofanana na bunduki kubwa.

Huko tukakuta ugomvi. Akina mama wa Anglikana walikuwa wamefika na habari: tumempata sauti ya tatu barabarani, ni wetu. Wakatoliki wakasema ni Mkatoliki, ameletwa na paroko, ni wetu. Bwana Zebedayo, mwenyekiti wa kwaya ya Wakatoliki, mvuvi mrefu mwenye sauti inayotoka ardhini, alikuwa amekwisha panga viti kanisani kwake. Mama Tekla alikuwa amepanga vya kwake.

"Sisi tulimlisha viazi," akasema Mama Tekla.

"Na sisi tumemvulia samaki," akasema Bwana Zebedayo.

Walikubaliana uwanja wa shule, ambao si wa mtu, na viti vikabebwa kutoka pande zote mbili vikichanganyika hivi kwamba sijui kama mpaka leo vimerudi kwa wenyewe. Mchana wenye jua na upepo, ziwa liko nyuma yetu, watu wamekaa mpaka kwenye matofali. Nikawasha kinanda. Kikalia noti moja, kikakohoa, kikazimika. Zile betri zilizonipa raha kule Tingi zilikuwa zimekwisha kabisa.

Nikamtazama Ansgar. Alifunga kifungo cha koti. "Nitaimba bila," akasema.

Akaanza. Mwanzo ulikwenda vizuri, sauti yake ilipita juu ya upepo na watu wakatulia hata watoto. Kisha nikaona anaiwaza noti ya Dar. Mstari mmoja kabla, mabega yalipanda, shingo ikakaza, na alipoirukia ile noti, ikakatika. Palepale. Mlio ulitoka kama wa mlango.

Sijui nilisimama au nilikaa. Nilikuwa nasikia ziwa tu. Ansgar alishusha mikono, akatazama viatu vyake, na nikajua kwamba ndiyo basi, ninampeleka Morogoro bubu.

Halafu kutoka kwenye matofali Bwana Zebedayo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi, "Baba, turudie. Kuanzia mstari wa juu yake. Tukushike chini."

"Ndiyo, turudie," akasema mtu mwingine, na mwingine, na uwanja mzima ukawa unasogeza viti na kujipanga kwa sauti. Hakuna aliyecheka wala kumpa pole. Hawakuona kwamba kuna kilichoharibika. Kwao noti ikikatika mnarudia, na mkirudia mara nyingi ndiyo mmefanya mazoezi vizuri.

Ansgar aliinua uso. Nilimwona anatafuta ile huruma ya Dar kwenye nyuso zao, anapita mmoja mmoja, hapati.

Akarudia. Chini yake besi za Zebedayo na wavuvi wenzake zikaingia bila maneno, maana Kijerumani hawakijui, wakivuma tu, na akina mama wakatandika katikati. Ikakatika tena. "Turudie," wakasema. Safari hii Ansgar mwenyewe alicheka. Alivua lile koti, akalitupa juu ya kinanda changu, akamwendea Mama Tekla, akamshika mkono.

"Mama, hii ya juu ichukue wewe. Mimi naingia hapa chini."

"Inakwendaje?"

Akamwonyesha, kwa nusu sauti, mara moja. Mama Tekla alifunga kilemba vizuri.

Sitaweza kuwaeleza. Walipofika pale, Mama Tekla aliichukua noti ile kama anayechukua ndoo kisimani, akaipandisha kichwani akasimama nayo, na Ansgar chini yake na Mama Agnesi na mafua yake, na besi zile, na upepo. Yule bwana wa Kijerumani na mto wake sidhani kama aliwahi kuwa na furaha namna ile. Tuliimba mpaka jua likashuka, nyimbo zao na zake, na mimi nisiye na kinanda nilikokotwa kwenye sauti ya pili nikaambiwa naburuta wimbo.

Tulipomaliza, kwaya zote mbili zikamjia kwa pamoja. Wameelewana jambo kwa mara ya kwanza, akasema Zebedayo: abaki nao mpaka Krismasi, awafundishe, waimbe mwambao wote. Ansgar akanyoosha simu kwangu. "Mpigie dada yako. Mimi siwezi."

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Nikaeleza nikijikanyaga. Benadeta akasema, "Nipe kiongozi wao."

Mama Tekla akasogea. "Shikamoo dada."

"Marahaba. Mume wangu anaimba?"

"Anaimba, ila tunampunguza."

"Anakula nini huko?"

"Mbasa."

"Kila siku?"

"Kila siku, dada."

"Basi mwambieni nakuja na mimi. Na Felista arudi na kinanda, kisije kikaota kutu."

Asubuhi ya kuondoka

Pikipiki yangu ilikuwa tayari, nimefunga mfuko, nimekunywa uji. Akina mama walikuwa ufukweni wanageuza dagaa juani na kuosha vyombo. Ansgar hakuonekana kuniaga. Wakaniambia ameenda kuoga, kule nyuma ya jiwe kubwa wanakooga wanaume. Nikasema nitamngoja.

Upepo ulikuwa mkali na maji ya asubuhi ile yalikuwa baridi. Nadhani wimbi lilimpiga mgongoni bila kumwarifu. Ninachojua ni kwamba kutoka nyuma ya lile jiwe ilitoka noti, moja, ndefu, nzima, safi kama kengele ya Pasaka. Ilikuwa ya Dar, au hata juu yake. Sikuwa na betri za kupimia. Ikapita juu ya maji, ikapita juu ya dagaa, mbwa wakasimama.

Kisha akina mama wakaweka vyombo chini wakapiga makofi na vigelegele, na mimi nikapiga makofi mpaka viganja vikauma, nikilia na kucheka kwa pamoja.

Kichwa chenye mvi kikachungulia pembeni ya jiwe, kikatuona tulivyo wengi, na nguo zake ziko juu ya mchanga upande wetu. Hakuwa na pa kwenda. Basi akafanya kile alichofundishwa afanye mtu anapopigiwa makofi. Akainama kwa heshima, humohumo majini. Akazama, akaibuka anatema maji, akainama tena.